Mashua, picha za ubao na simu inayojibu kila kitu

Nikimaliza kuandika ubaoni huwa nasogea pembeni. Siku hizi nasogea bila kuombwa, maana najua kinachofuata: simu zinapaa. Darasa la watu 120, simu sabini themanini hewani, kimya cha sekunde kumi, kisha zinashuka na gumzo linarudi. Wenye kalamu mkononi nawahesabu kwa vidole.

Nafundisha saikolojia ya elimu, na wengi wa wanafunzi wangu watakuja kuwa walimu wa sekondari. Muhula uliopita nilimwomba binti mmoja wa safu ya mbele anionyeshe picha ya ubao aliyopiga wiki iliyotangulia. Akaanza kuperuzi. Ikapita sendofu ya dada yake, sahani ya chipsi mayai, viatu vya mtumba alivyotumiwa achague, ujumbe wa muamala, yeye mwenyewe mara kumi na kitu ndani ya gauni lile lile. Ubao wangu aliupata baada ya kama dakika tatu, na katikati yake kuna kisogo cha mwenzake. "Sijawahi kuifungua, Dokta," akasema, tukacheka wote. Angalau alikuwa mkweli. Wengi hawazifungui mpaka wiki ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula, na wakizifungua wanakutana na desa la picha mia tatu lisilo na mwanzo wala mwisho.

Watu wakiniuliza simu inaharibuje masomo, hutarajia nitazungumzia muda: vijana wanashinda TikTok, wanakesha. Ni kweli, sibishi. Vifurushi vya usiku vya bei chee vimenijazia kipindi cha saa moja asubuhi watu wenye macho mekundu. Lakini hilo mzazi yeyote analiona bila kuhitaji msomi. Hasara ninayokutana nayo mimi kazini ni nyingine, na inawapata hata wale wenye bidii ambao TikTok wanaisikia tu kwa wenzao.

Kuna jaribio moja ambalo sisi Waswahili tuna hisa ndani yake. Mwaka 2008 Jeffrey Karpicke na Henry Roediger walichapisha katika jarida la Science matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo huko Marekani. Walichopewa kujifunza ni maneno ya Kiswahili: jozi 40, neno letu na tafsiri yake ya Kiingereza. Mashua lilikuwa mojawapo. Wanafunzi walisoma, wakaulizwa, wakasoma tena, wakaulizwa tena. Tofauti ilianzia pale mtu alipolipata neno kwa mara ya kwanza. Wapo walioendelea kulisoma neno hilo bila kuulizwa tena, na wapo walioendelea kuulizwa hata kama hawakulisoma tena. Wiki moja baadaye, walioendelea kuulizwa walikumbuka kama asilimia 80 ya maneno. Walioendelea kusoma tu waliambulia kama theluthi moja.

Kipande ninachokipenda zaidi ni hiki. Kabla hawajaondoka siku ya kwanza, wote waliulizwa wanadhani watakumbuka maneno mangapi. Makundi yote yalikisia karibu sawasawa, kama nusu. Yaani aliyelishika somo na aliyelipapasa tu, kila mmoja alijiona yuko pale pale. Ndiyo maana simwamini mwanafunzi anaponiambia "nimeielewa hii topiki", na ndiyo maana hata yeye asijiamini.

Kumbukumbu hukomaa pale unapoivuta. Ule usumbufu wa "ngoja, lilikuwa linaanza na m…" ndiyo kazi yenyewe; mwanafunzi anayekuna kichwa nusu dakika akitafuta neno yumo ndani kabisa ya kujifunza. Simu janja inakuondolea hiyo nusu dakika. Unasahau kanuni, unaigusa, kanuni hiyo hapo. Umepata jibu, na akili haijanyanyua chochote.

Picha nazo zina lao. Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield aliwatembeza watu katika jumba la makumbusho, vitu vingine wavipige picha, vingine wavitazame tu. Kesho yake walivikumbuka vibaya zaidi vile walivyovipiga picha. Hayo yalichapishwa mwaka 2014. Ila waliovuta kamera karibu kwenye sehemu moja ya kitu hawakupata hasara hiyo. Kwa maoni yangu ni kwa sababu kuchagua sehemu ya kuvuta karibu kunaitia akili kazini, kama vile kunakili ubao kwa mkono kunavyokulazimisha uamue uandike nini na uache nini.

Shuleni jibu letu kwa simu limekuwa moja miaka yote. Nikiwa mwalimu wa mazoezi niliwahi kusimama mstarini nikaangalia simu ikipondwa kwa jiwe, mwenye nayo analia, wenzake wanaangalia chini. Je, marufuku inasaidia? Louis-Philippe Beland na Richard Murphy walifuatilia shule 91 katika miji minne ya Uingereza na kukuta alama zilipanda kidogo baada ya simu kupigwa marufuku. Waliofaidika ni wanafunzi waliokuwa nyuma. Wale wa juu hawakupanda wala kushuka. Watafiti wa Uswidi walipofanya uchunguzi wa namna hiyo kwao, hawakuona faida yoyote. Mimi sishangai. Marufuku inaondoa kinachovuruga, na anayevurugwa zaidi ni yule ambaye tangu mwanzo somo halimkai. Ila haimfundishi mtu kujiuliza maswali. Mabweni yetu yamejaa watoto wasio na simu wanaosoma daftari mara kumi wakiamini wanasoma kweli, na matokeo yao ni yale yale ya theluthi moja.

Mimi pia nilijaribu ubabe. Niliweka kapu mlangoni, kila anayeingia atumbukize simu. Wiki ya kwanza kapu lilijaa nikajiona mwamba. Wiki ya pili nikachungulia, zaidi ya nusu ni vitochi. Simu janja zimetulia mifukoni. Kapu nikalirudisha nyumbani, mke wangu anawekea vitunguu.

Sasa zimekuja programu za akili mnemba na swali limekuwa zito zaidi. Huko Uturuki karibu wanafunzi elfu moja wa sekondari walifanya mazoezi ya hisabati. Kundi moja lilipewa programu inayojibu chochote inachoulizwa. Kwenye mazoezi walitesa, alama zao zikawazidi wenzao wasio na programu kwa asilimia 48. Programu ikaondolewa, wakapewa mtihani: wakawa chini ya wale wale wenzao kwa asilimia 17. Kundi la tatu lilikuwa na programu ile ile, ila imeelekezwa itoe vidokezo na kumwachia mwanafunzi amalize mwenyewe. Hao hawakudondoka.

Na simu inaweza kufundisha hata bila intaneti. Mwaka 2020, shule zilipofungwa, Noam Angrist na wenzake walifanya jaribio Botswana kwa familia zaidi ya 4,500. Wengine walitumiwa maswali ya hesabu kwa meseji kila wiki. Wengine walitumiwa meseji, halafu mwalimu akawapigia, mzazi na mtoto wakiwa pamoja kwenye simu. Meseji peke yake haikufua dafu. Waliopigiwa, hesabu za watoto zikapanda, na baadaye mpango huo ulirudiwa katika nchi nyingine zikiwemo Kenya na Uganda, ukafanya kazi huko pia. Kitochi kilitosha. Kulikuwa na mtu anayeuliza "enhe, umepata ngapi?", halafu anasubiri.

Kwa hiyo darasani kwangu simu zimerudi, na picha ruksa. Nilichobadilisha ni dakika kumi za mwisho. Nasema "fungeni kila kitu", kila mtu anachukua karatasi tupu na kuandika anachokumbuka tangu tulipoanza. Wakimaliza ndipo wafungue picha na kujisahihisha kwa kalamu nyekundu. Maksi hakuna. Wiki za kwanza zilikuwa manung'uniko matupu: "Dokta, hii ni testi?" Kijana mmoja aliandika tarehe na jina langu, basi. Ila kalamu zimeanza kuonekana mezani nikiwa bado nafundisha, kwa sababu wanajua zile dakika kumi zinakuja.

Yule binti wa kisogo amefungua kundi la WhatsApp. Saa mbili kila usiku CR, yaani kiongozi wa darasa, anatupia swali moja la somo la siku hiyo, na anayejibu kwa kubandika picha ya desa anatolewa mpaka kesho yake. Mpaka jana walikuwa wameshatolewa sita, CR mwenyewe akiwemo.