Ubora wa Jarida la Dungeon kwa Jicho la Msimamizi wa Mchezo

Katika kundi letu la michezo ya kuigiza ya mezani hapa Mtwara, ambamo kila mchezaji huigiza mhusika mmoja ndani ya kisa kinachoendeshwa na msimamizi, mazungumzo yakigusa majarida hutolewa hukumu moja ileile: kwamba jarida la Dungeon lilifikia kilele chake kati ya mwaka 2002 na 2007, lilipokuwa likichapishwa na kampuni ya Paizo, likiwa na rangi tele, picha za kupendeza na visa virefu vilivyoendelea toleo baada ya toleo. Hukumu hiyo inashikiliwa zaidi na wanaolisoma jarida kuliko wanaolitumia. Mimi ni msimamizi wa mchezo, yaani ndiye ninayekaa na kurasa mbele yangu wakati wenzangu wakirusha dadu, na kutoka kiti hicho naona mambo kwa namna nyingine. Kwa maoni yangu Dungeon lilikuwa bora zaidi pale lilipochapisha visa vifupi vyenye maelezo machache, na sehemu kubwa ya sifa linazomwagiwa kwa miaka ya mwisho ni sifa za wachoraji, ambao kwa hakika walistahili sifa, lakini si wao wanaoniokoa usiku wa mchezo.

Kwa wasiolifahamu, maelezo mafupi yatatosha. Mchezo wa Dungeons & Dragons ulitolewa mwaka 1974 na kampuni ya TSR ya mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, ukiwa kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ilianzisha kijarida kilichoitwa The Strategic Review, na Juni 1976 nafasi yake ikachukuliwa na The Dragon, jarida la makala, kanuni za nyongeza, mazimwi mapya na majibu kwa maswali ya wachezaji. Dungeon lilikuja baadaye, mwaka 1986, likihaririwa na Roger E. Moore, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuchapisha visa vilivyo tayari kuchezwa. Toleo la mwisho la karatasi, la 150, lilitoka mwaka 2007.

Tofauti hiyo kati ya majarida mawili ndiyo inayosahaulika watu wanapolinganisha ubora. Makala ya Dragon ilitimiza wajibu wake ukishaisoma na kuifurahia. Kisa cha Dungeon hakijatimiza lolote mpaka watu wanne au watano wameketi, kila mmoja na mhusika wake, na wamefanya jambo ambalo mwandishi hakulitarajia. Hapo ndipo msimamizi anapofunua ukurasa haraka akitafuta jibu, na ubora wa jarida unapimwa kwa muda anaoutumia kulipata.

Nianze na maandishi yale yaliyowekwa ndani ya kisanduku, ambayo msimamizi anatakiwa kuwasomea wachezaji kwa sauti wanapoingia mahali papya. Kundi letu linacheza kwa Kiswahili, wakati jarida limeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo kila kisanduku ninakigeuza papo hapo huku macho ya watu yakinitazama. Kazi hiyo imenifunza kuyachuja maandishi haya kwa ukali ambao pengine msomaji wa Marekani hana haja nao. Sentensi yenye vishazi vinne na sifa tano inasomeka vizuri kitandani. Mezani inakuwa mzigo. Kibaya zaidi ni kisanduku kinachowaamulia wachezaji wanachohisi na wanachotenda.

Nitatoa mfano niliouunda mwenyewe, nisije nikamwonea mwandishi yeyote, na nitauweka Husuni Kubwa, lile jumba la kifalme la karne ya 14 katika kisiwa cha Kilwa Kisiwani, kwa kuwa baadhi ya wachezaji wangu wamewahi kuvuka kutoka Kilwa Masoko na wanalijua birika lake lenye pembe nane. Mwandishi wa aina ya kwanza ataandika hivi: "Mnaingia katika ua wa kale uliosahauliwa na wanadamu, ambao kuta zake zimeshuhudia fahari na maangamizi ya masultani, nanyi mnahisi hofu ya ajabu ikiwapanda mgongoni, mnachomoa panga zenu na kusogea polepole kuelekea kwenye birika." Kabla sijafika mwisho wa sentensi, kijana mmoja atakuwa ameshanikatiza: "Mwalimu, mimi sijachomoa kitu. Mimi bado niko mlangoni, namsubiri mwenye taa." Naye ana haki. Mwandishi amemnyang'anya mhusika wake kwa muda wa sentensi moja, na mchezo mzima umejengwa juu ya ahadi kwamba hakuna atakayefanya hivyo.

Mwandishi wa aina ya pili ataandika: "Birika lenye pembe nane, kavu. Kwenye vumbi la sakafu yake kuna nyayo mbichi za mtu mmoja anayeburuta mguu wa kushoto. Kunanukia ubani." Kisha, nje ya kisanduku, kwa ajili yangu peke yangu: ni nani aliyefukiza ubani huo, amejificha wapi, anataka nini, na atafanya nini akisikia kishindo. Hayo yanageuzwa kuwa Kiswahili kwa pumzi moja, na wachezaji wanaanza kuuliza maswali badala ya kunisubiri nimalize hotuba. Miaka yote ya Dungeon ina waandishi wa aina zote mbili, lakini kisa kifupi humlazimisha hata mwandishi mwenye maneno mengi kuwa wa aina ya pili, kwa sababu nafasi haimruhusu vinginevyo.

Suala la nafasi linahusiana pia na malipo. Waandishi wa kujitegemea katika fani hii kwa kawaida hulipwa kwa idadi ya maneno, na anayelipwa kwa neno hana sababu kubwa ya kufupisha. Matokeo yake ni zile kurasa za mwanzo zinazosimulia historia ya kasri, ya aliyelijenga, ya ndugu yake aliyemsaliti na ya mapatano waliyofunga na pepo miaka mia tatu iliyopita. Ni simulizi tamu. Tatizo ni kwamba aghalabu hakuna njia yoyote ambayo wachezaji wanaweza kuyafahamu mambo hayo: walioyashuhudia wamekufa, hakuna barua, hakuna maandishi ukutani. Simulizi hiyo imeandikwa kwa ajili ya msimamizi anayesoma peke yake, na humfanya aamini kwamba kisa ni kizuri kabla hajakijaribu. Mhariri mzuri angeuliza, kwa kila aya ya historia, mchezaji ataigundua wapi. Na kama hakuna mahali, angeikata.

Halafu kuna takwimu za mazimwi. Katika matoleo ya mwanzo zimwi liliingia katikati ya sentensi, ndani ya mabano: kinga yake, mwendo wake, uhai wake, idadi ya mashambulizi na madhara, basi. Mistari miwili au mitatu. Kanuni za toleo la tatu la mchezo wenyewe, si la jarida, zilipotoka mwaka 2000, na kurekebishwa mwaka 2003, kila kiumbe kilikuja na orodha ndefu ya ujuzi, vipaji na hesabu za nyongeza, na mchawi mmoja wa daraja la juu aliweza kujaza safu nzima ya ukurasa. Hili si kosa la wahariri wa jarida, kwani walizifuata kanuni za wakati wao, lakini wanaosifu miaka ile wasiniambie kwamba ukurasa uliojaa takwimu ni dalili ya utajiri. Wahusika wanapoamua kumshika mchawi mkono na kumtupa kisimani, ninahitaji kujua mambo matatu kumhusu, si thelathini.

Kuhusu ramani nitakuwa mkali zaidi, na wenzangu wanaoishi mijini wenye printa zao watanisamehe. Sisi tunatoa kopi steshenari. Ramani za zamani zilichorwa kwa mistari safi ya wino juu ya karatasi nyeupe, zenye miraba iliyoonekana vizuri, na mashine yoyote ya kopi hapa mjini inazitoa bila kupoteza hata mlango. Ramani za rangi za miaka ya Paizo ni kazi za sanaa: mawe yana vivuli, maji yana mawimbi, misitu ina majani. Ukizitoa kwa rangi nyeusi na nyeupe, pango lote linageuka wingu la kijivu, ngazi zinapotea ndani ya kivuli cha ukuta, na namba za vyumba hazisomeki. Nimelazimika mara nyingi kuichora upya ramani nzuri kwa kalamu kwenye karatasi ya hesabu ya daftari la shule, na ninapoimaliza inafanana sana na zile za mwaka 1986.

Sasa nije kwenye visa virefu vya mfululizo, ambavyo ndivyo hasa vilivyoipatia miaka ya mwisho jina. Mfululizo wa Shackled City ulianza katika toleo la 97 la jarida mwaka 2003, ukafuatiwa na Age of Worms katika matoleo ya 124 hadi 135, na Savage Tide katika matoleo ya 139 hadi 150. Miwili hii ya mwisho ina sehemu 12 kila mmoja, na nia yake ni kumchukua mhusika kutoka daraja la kwanza, asiyejua hili wala lile, hadi karibu na daraja la ishirini, anapopambana na nguvu zenye hadhi ya miungu. Kiuhariri ni kazi kubwa, na sidhani kuna jarida jingine la fani hii lililowahi kubeba mzigo wa namna hiyo kwa mpangilio uleule. Aliyetaka kusoma riwaya kwa awamu alipata thamani ya fedha yake.

Lakini mfululizo wa sehemu kumi na mbili unadai watu walewale, meza ileile, kwa mwaka mzima au zaidi, na hapa kusini mwaka wetu una umbo lake. Kuanzia Oktoba nusu ya vijana wangu wanaelekea Tandahimba na Newala kuwasaidia wazee kuokota korosho, kisha wanasubiri minada, na wengine hawarudi mjini mpaka fedha zimeingia. Mwingine anahamia Lindi kikazi, mwingine anachukua masomo ya jioni. Anayerudi Januari anakuta wenzake wako sehemu ya saba, wakizungumzia msaliti ambaye hakuwahi kukutana naye. Ninaweza kumsimulia, na husimulia, lakini simulizi la kilichotokea si mchezo. Kisa kifupi kinachoanza na kumalizika usiku mmoja humpokea yeyote aliyepo, na Dungeon lilikuwa navyo vya kutosha, vikiwemo vile vya kurasa chache tu vilivyoitwa Side Treks, ambavyo waliokusanya matoleo hawavitaji kamwe wanapoorodhesha hazina zao. Kwangu mimi hivyo ndivyo vilivyolipa jarida heshima yake.

Sidai kwamba urefu wenyewe ni kasoro. Katika toleo la 70, la mwaka 1998, kuna kisa cha Wolfgang Baur kiitwacho Kingdom of the Ghouls, kirefu na kigumu, kinachohusu utawala wa wala maiti chini ya ardhi, na mpaka leo ninakihesabu miongoni mwa vilivyo bora kabisa. Nguvu yake ni kwamba mazimwi wale wana dola, wana njaa yenye mantiki na wana mipango, si kundi lililoketi chumbani likingoja kuuawa. Wachezaji wakikataa kupigana, bado kuna la kufanya. Nilipoliendesha tukio la namna hiyo kwa kundi letu, mjadala wa kama inafaa kufanya mapatano na adui anayekula wafu ulichukua muda mrefu kuliko vita vyenyewe, na hakuna aliyeulizia dadu.

Kuna jambo moja zaidi ambalo Dungeon lilifanya vizuri kwa miaka mingi, nalo ni kuwafungulia mlango wasomaji. Visa vingi vilitoka kwa watu waliovituma kwa mhariri baada ya kuviendesha kwa marafiki zao. Christopher Perkins, aliyekuja kuwa miongoni mwa wasimamizi wakuu wa mchezo huu katika kampuni ya Wizards of the Coast, iliyokuja kuumiliki baada ya TSR, alichapishwa humo kwanza akiwa mtu wa nje. Linganisha na White Dwarf la Uingereza, lililoanzishwa mwaka 1977 na Games Workshop. Mwanzoni lilikuwa jarida pana, likihudumia michezo ya kampuni mbalimbali, lakini kufikia mwisho wa miaka ya 1980 lilikuwa limegeuka jarida la bidhaa za kampuni yake tu. Picha zake ziliendelea kuwa nzuri. Msimamizi wa mchezo aliyekuwa akilitegemea ndiye aliyebaki mikono mitupu.

Kwa anayetaka kuanza, ushauri wangu ni huu. Ukipata matoleo ya zamani mikononi mwa mtu anayeyauza, usiangalie jalada; fungua katikati, chagua kisa kisichozidi kurasa kumi, soma vyumba vitatu, na ujiulize kama ungeweza kuvieleza kwa Kiswahili bila kutazama karatasi mara ya pili. Takwimu za zamani zisikutishe. Tangu Januari 2023 msingi wa kanuni za toleo la tano la mchezo umewekwa chini ya leseni ya Creative Commons, kwa hiyo sifa za mazimwi mengi ya kawaida zinapatikana bure na kihalali, nawe unaweza kuziandika kwenye kadi ndogo badala ya zile za jaridani. Ramani itoe kopi mbili, moja yako na moja ya kukata vipande ili wachezaji wafunuliwe chumba kimoja kimoja, na mwambie kijana wa steshenari asipunguze ukubwa, kwa maana miraba ikipungua vihesabio vyako, yaani vile vipande vinavyowakilisha wahusika, havitakaa ndani yake.