Etimolojia na muktadha katika kujifunza maneno ya Kiingereza

Etimolojia ni elimu ya asili ya maneno: neno lilitoka lugha gani, lilimaanisha nini huko, na maana ikageuka vipi njiani. Muktadha ni maneno jirani na hali inayolizunguka neno pale linapotumika. Anayejifunza msamiati wa Kiingereza anavihitaji vyote viwili, na nitaeleza kwa nini.

Kwa msemaji wa Kiswahili, kazi ya mizizi si ngeni. Ukishajua "soma", hufungui kamusi kutafuta "somo", "msomaji" wala "kisomo". Kiingereza nacho kina mizizi, ila mingi imetoka Kilatini na Kigiriki, ndiyo maana haijitokezi haraka.

Tazama "spect", iliyotokana na kitenzi cha Kilatini "specere", kutazama. "Spectator" ni mtazamaji. "Inspect" ni kutazama ndani, yaani kukagua. "Prospect" ni kutazama mbele, ndipo tunapopata matarajio. "Suspect" ninaipenda zaidi: asili yake ni kumtazama mtu kutoka chini, kwa lile jicho la wizi la mtu mwenye shaka. Na "respect" ni kugeuka ukamtazama mtu tena, kwa kuwa si wa kupitwa hivihivi. Maneno matano, mzizi mmoja.

Historia nayo imeacha alama. Wanormani, watu kutoka kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala, huku wafugaji wakibaki na Kiingereza chao. Ng'ombe akiwa malishoni ni "cow", neno la Kiingereza cha kale. Akishafika mezani ni "beef", lenye asili ya Kifaransa. Kondoo vilevile: "sheep" kwa mchungaji, "mutton" kwa mlaji.

Lakini asili hudanganya pia. "Pedal" na "pedestrian" zimetokana na neno la Kilatini la mguu, basi mtu akikutana na "pediatrician" hudhani ni daktari wa miguu. Kumbe huyo ni daktari wa watoto, na mzizi wake ni wa Kigiriki, wenye maana ya mtoto. Au "nice": mzee wake ni neno la Kilatini "nescius", asiyejua kitu, na zamani Waingereza walilitumia kwa maana ya mpumbavu. Leo ni sifa.

Hapo ndipo muktadha unapoamua. Sisi wenyewe tunaufuata kila siku bila kujua: paa amekimbilia kichakani, paa linavuja, ndege inapaa. Hakuna anayechanganyikiwa. Vivyo hivyo "bank" ikitajwa pamoja na wavuvi na maji, ni ukingo wa mto; ikitajwa na mkopo, ni benki.

Jaribu na sentensi hii: "He was reluctant to sign, so he asked for one more day." Tuseme "reluctant" hulijui. Usikimbilie kamusi kwanza. Mtu ametakiwa kutia saini, akaomba siku moja zaidi. Bila shaka anasitasita. Sasa uliza asili: "luctari" kwa Kilatini ni kupigana mieleka, na "re" hapa ni kupinga. Kumbe mtu huyu ameshika kalamu huku moyo wake ukipigana mieleka na mkono.