Dengu hazikuanzia India

Kwa kuwa bajia za dengu tumezoea kuziona kwa Wahindi, wengi huamini dengu asili yake ni India. Sivyo. India huzilima kuliko nchi yoyote, lakini mmea-mwitu uliozaa dengu, Cicer reticulatum, makao yake ni kusini-mashariki mwa Uturuki, pande za Mardin: vilima vya mawe ya chokaa, udongo haba, vichaka vya mialoni. Huchipua, huzaa na kufa ndani ya mwaka mmoja. Mbegu zake ni ndogo, za kahawia iliyokoza, ganda lina mistari iliyopishana kama wavu. Ndiko lilikotoka jina reticulatum. Wataalamu waliupa jina hilo mwaka 1975, juzi tu. Ukienda kuutafuta, wahi kabla ya mbuzi.