Pinki ya MacConkey haimaanishi Gram-hasi

Asubuhi moja wiki iliyopita mwanafunzi wa mazoezi alikuja mezani kwangu na sahani mbili zilizotoka kwenye inkubeta muda huohuo. Akazinyanyua kwenye mwanga wa dirisha na kusema kwa kujiamini kabisa: "Mwalimu, hii ni pinki, kwa hiyo ni Gram-hasi. Hii nyingine haina rangi, kwa hiyo ni Gram-chanya."

Sahani zote mbili zilikuwa za MacConkey, aina ya chakula cha kuoteshea bakteria. Ile "isiyo na rangi" ilitokana na damu ya mtoto aliyekuwa na homa ya siku nyingi. Tungeipeleka wodini ile sentensi kama ilivyo, daktari angeanza kuwaza stafilokokasi, ambaye ni Gram-chanya, wakati vipimo vilivyofuata vilionyesha kuwa ni Salmonella, ambaye ni Gram-hasi. Kosa hili nimelisikia kwa wanafunzi, kwa wauguzi, hata kwa watu wenye miaka kadhaa kazini, ndiyo maana leo nimeamua kuliandika.

Maana zenyewe ni fupi. Bakteria Gram-hasi ni wale wasioshika rangi ya zambarau wanapopakwa rangi kwa njia ya Gram; wanaoishika ni Gram-chanya. Ukiwatazama Gram-hasi kwa darubini wana wekundu wa rangi ya pili, inayopakwa baada ya zambarau kuoshwa. Midia teuzi ni chakula cha kuoteshea kilichotiwa kitu cha kuwazuia baadhi ya bakteria ili wengine waote. Midia bainishi ni ile inayowaacha waote, kisha ikawatofautisha kwa jinsi wanavyoibadilisha, mara nyingi kwa rangi. MacConkey ni teuzi na bainishi kwa pamoja, na watu huzichanganya kazi hizo mbili kana kwamba ni moja.

Lakini tuanze na jina, maana hapo ndipo mambo yanapoanza kwenda kombo. Gram si gramu. Nimeona majibu yaliyoandikwa "gramu hasi", na mtu mmoja aliwahi kuniuliza kwa dhati kama bakteria hao hupimwa uzito. Gram ni mtu: Hans Christian Gram, daktari Mdenmark aliyezaliwa mwaka 1853. Alikuwa Berlin akifanya kazi na mwanapatholojia Carl Friedländer, na shida yake ilikuwa ya kawaida sana. Alikuwa na vipande vya mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia, akataka kuwaona bakteria ndani ya nyama ile. Ukiipaka rangi, nyama nayo hushika, kila kitu kikawa cha rangi moja usione chochote. Akajaribu kupaka zambarau, akafuatisha ayodini, halafu akaosha kwa alkoholi. Nyama ikaachia rangi, bakteria wakabaki nayo. Alichapisha njia hiyo mwaka 1884, na kwa unyenyekevu ambao ungetufaa sisi sote aliandika kwamba anajua bado ina kasoro na haijakamilika.

Zingatia alichokuwa anakitafuta. Hakuwa anataka kuwagawa bakteria wa dunia nzima katika makundi mawili. Alitaka kuwaona tu. Ila aliona kwamba wengine, wakiwemo wa taifodi, waliachia rangi pamoja na nyama, yaani njia yake iliwakosa. "Hasi" ya Gram ilianzia hapo, kwenye rangi iliyokataa kukaa. Rangi ya pili, ile inayowafanya waonekane wekundu, iliongezwa baadaye na Carl Weigert, mwanapatholojia Mjerumani. Sababu ya kushika au kutoshika ilikuja kujulikana baada ya miaka mingi. Gram-chanya wana ukuta mnene unaonasa zambarau na ayodini. Gram-hasi wana ukuta mwembamba, na juu yake utando wa nje wenye mafuta, ambao alkoholi huuharibu na rangi ikatoka.

Kwa hiyo neno hasi hapa halina uhusiano wowote na kuwepo au kutokuwepo kwa ugonjwa. Nalisema hili kwa sababu mama mmoja aliwahi kunisimamisha dirishani na karatasi ya majibu ya mkojo wa mwanawe. Karatasi iliandikwa kwa Kiingereza, na katika maneno yote yale alilitambua moja tu, "negative", kwa sababu ndilo aliloomba Mungu alisikie kwenye kipimo cha VVU alipokuwa mjamzito. "Daktari, si wameandika hana kitu? Mbona basi mtoto anachomwa sindano?" Nikamwambia, "Mama, mimi ni wa maabara tu, lakini hapa neno hilo linaelezea rangi ya mdudu. Mdudu yupo, na sindano ni zake." Alikunja karatasi akarudi wodini. Mpaka leo nadhani tungeandika jina la bakteria kwanza, na habari za Gram ziwe chini, kwa herufi ndogo.

Sasa turudi kwenye sahani. Alfred Theodore MacConkey alikuwa Mwingereza aliyefanya kazi Liverpool kwa ajili ya tume ya kifalme ya majitaka. Alitaka kujua kama maji yamechafuliwa na kinyesi. Akafikiri hivi: bakteria wa utumbo wanaishi na nyongo kila siku, basi nikitia chumvi za nyongo kwenye chakula, waliozoea wataota na wasiozoea watashindwa. Kisha akatia laktosi, sukari ya maziwa, kwa sababu E. coli, bakteria wa kawaida wa utumbo, huichachusha na bakteria wa taifodi haichachushi. Midia yake aliitangaza mwaka 1900, akitumia litmasi kuonyesha asidi. Baadaye wengine waliweka nyutrali redi mahali pa litmasi, wakaongeza na kristali vayoleti.

Tazama majina hayo mawili ya rangi, kwani nadhani ndiyo chanzo cha kosa lote. Kristali vayoleti ndiyo zambarau ileile tunayopaka kwenye slaidi kwa njia ya Gram. Na nyutrali redi, katika maabara kadhaa, ndiyo inayotumika kwenye slaidi kama rangi ya pili badala ya safranini. Chupa zinazokaa kwenye sinki la kupakia rangi zina majina yaleyale yanayosomeka kwenye kopo la unga wa MacConkey. Mwanafunzi anaona zambarau na nyekundu huku, zambarau na nyekundu kule, naye kwa akili ya kawaida anaamini zinasema jambo lilelile. Simlaumu hata kidogo.

Ila kwenye sahani kila moja imepewa kazi nyingine. Kristali vayoleti haimpaki mtu rangi pale. Imetiwa kidogo sana, na kazi yake ni kuwazuia Gram-chanya, ikisaidiana na chumvi za nyongo. Huo ndio uteuzi. Umeshamalizika kabla hujafungua mfuniko: kilichoota ndicho kilichovumilia. Nyutrali redi nayo haijui chochote kuhusu ukuta wa bakteria. Inapima asidi. pH ikishuka chini ya 6.8 inakuwa nyekundu. Bakteria akichachusha laktosi hutoa asidi, koloni yake, yaani kile kitone cha bakteria walioota pamoja, ikawa pinki. Asiyeichachusha hula peptoni, yaani vipande vya protini, hutoa amonia, pH ikapanda, koloni ikabaki nyeupe-nyeupe inayopitisha rangi ya midia iliyo chini yake. Huo ndio ubainishaji.

Jikoni tunazijua kazi hizi mbili. Chekeche huzuia, na kilichobaki juu kimebaki. Ungo hauzuii kitu: unamwaga mchele wote, kisha jicho lako linatenga punje nyeupe na ile ya kahawia. MacConkey inachekecha kwa nyongo na zambarau, kisha inakuwekea waliopita juu ya ungo ili uwaangalie rangi. Pinki na isiyo na rangi zote mbili zimeshapita chekeche. Zote mbili, kwa kawaida, ni Gram-hasi.

Ukiiona kwa karibu utaelewa zaidi. E. coli baada ya saa 18 hadi 24 kwenye nyuzi 37 ni pinki iliyokolea, bapa kidogo, na mara nyingi imezungukwa na ukungu wa pinki ndani ya midia, ambapo asidi imezifanya chumvi za nyongo zigande. Klebsiella nayo ni pinki, lakini imevimba na kuteleza. Ukiigusa kwa lupu, kile kijiti chenye kitanzi cha waya, na kuinyanyua, inakufuata kama mlenda. Hawa wawili ni pinki, na hakuna mtu mwenye jicho atakayewachanganya. Upande wa pili kuna Salmonella, Shigella, Proteus na Pseudomonas, wote hawana pinki, na wote ni Gram-hasi kwelikweli. Pseudomonas huweza kuwa na ukijani-kijani na harufu inayofanana na zabibu. Shigella sonnei huichachusha laktosi kwa kuchelewa, kwa hiyo sahani iliyosahaulika kwenye inkubeta siku mbili inaweza kukuonyesha pinki ambayo jana haikuwepo. Ndiyo maana muda wa kusoma sahani si jambo la kupuuza.

Anayedhani kuna rangi fulani ya Gram-hasi aweke XLD, midia nyingine, kando ya MacConkey, na choo kilekile kwenye zote mbili. E. coli aliyekuwa pinki kwenye MacConkey anakuwa njano kwenye XLD, kwa sababu kipimo cha asidi humo ni fenoli redi, ambayo kwenye asidi huwa njano. Salmonella aliyekuwa hana rangi anakuwa mwekundu mwenye kitone cheusi katikati. Huyu huchachusha zailosi, sukari iliyomo humo, halafu akaivunja laisini, asidi amino iliyomo pia, na kuirudisha pH juu, na weusi ni wa salfaidi anayoitoa. Bakteria ni walewale na kuta zao ni zilezile, ila swali waliloulizwa limebadilika. Kwenye TCBS, tunayoitumia kipindupindu kinapobisha hodi, swali ni sukari ya kawaida, sukrosi, na Vibrio cholerae anajibu kwa njano. Kwenye CLED, ambayo maabara nyingi huipenda kwa mkojo, hakuna chekeche kabisa. Stafilokokasi anaota vizuri tu na anaweza kuwa njano kama E. coli. Mtu aliyezoea kusema "imeota na ina rangi, basi ni Gram-hasi" ataumbuka siku ya kwanza.

Upande wa chekeche nao una mipaka yake, na hapa huwa nasisitiza hata nikionekana mkali. Kutoota kwenye MacConkey hakumfanyi bakteria kuwa Gram-chanya. Neisseria gonorrhoeae ni Gram-hasi halisi na haoti humo. Haemophilus influenzae vilevile. Hao wanataka chakula laini, agari ya chokoleti, ambayo rangi yake hutokana na damu iliyopashwa moto. Na kuota humo hakumfanyi mtu kuwa Gram-hasi kwa uhakika: kuna MacConkey inayotengenezwa bila kristali vayoleti, na ndani yake enterokokasi, ambao ni Gram-chanya, hupenya, na huonekana kama vitone vidogo vyekundu. Soma kopo kabla ya kupima unga.

Na kwa kuwa nimeitaja agari, niseme hili pia, maana watu wa pwani huniuliza. Agari, kitu kinachoigandisha midia, hutokana na mwani. Aliyeileta maabara ni Fanny Hesse, mwaka 1881, mumewe alipokuwa akihangaika na jelatini iliyoyeyuka kila palipokuwa na joto. Yeye aliijua agari jikoni, kupitia marafiki waliowahi kuishi Java. Lakini mwani unaolimwa Paje na Jambiani ni wa aina nyingine, unaotoa karajini, si agari. Sahani zetu hazikutoka Unguja, ingawa ningefurahi sana kama zingetoka.

Yule mwanafunzi sikumwambia mengi hivi asubuhi ile. Nilimpa slaidi mbili na lupu, nikamwambia achukue koloni moja kutoka kila sahani, apake rangi, aangalie. Alikaa kwenye darubini muda mrefu, akizibadilisha slaidi huku na huku. Zote mbili zilikuwa fimbo nyekundu, yaani bakteria Gram-hasi wenye umbo la fimbo. Kwenye daftari lake alikuwa ameshaandika kwa kalamu, "Pinki, kwa hiyo Gram-hasi." Nilimwomba akate neno "kwa hiyo" na avunje ule mstari kuwa miwili: "MacConkey: imechachusha laktosi" na "Gram: fimbo hasi". Kwa sahani ya pili aliandika mwenyewe bila kuniuliza: "MacConkey: haikuchachusha" na "Gram: fimbo hasi". Kisha akaenda kutafuta karatasi za oksidezi, kipimo kingine cha kuwatofautisha Gram-hasi.