Kufuga mnyama katika jengo lenye wamiliki wengi: nini kinavuka ukuta?

Anayenunua fleti, au nyumba iliyoungana ukuta na za wenzake, hununua vitu viwili kwa mpigo: sehemu yake mwenyewe, na fungu katika vitu visivyogawanyika, yaani zege la sakafu, kuta za nje, mabomba, ngazi, lifti na bustani. Ugomvi kuhusu wanyama huzuka pale jambo la upande wa kwanza linapovuka kwenda wa pili. Jibwa kubwa kama ndama likilala kutwa halimkeri mtu. Kasuku mmoja anayepiga ukelele alfajiri huamsha ghorofa tatu. Kwa hiyo kabla ya kuchagua mnyama, pima nini kitavuka: sauti, harufu, maji au wadudu.

Anza na karatasi. Juu kabisa ipo sheria ya nchi, chini yake sheria ndogo za umoja wa wamiliki, na mwisho taratibu zinazotolewa na kamati. Ya chini haiwezi kupingana na ya juu. Mpangaji ana karatasi ya ziada, nayo ni mkataba wake. Ruhusa ya mwenye nyumba haiufungi umoja, wala ruhusa ya umoja haimfungi mwenye nyumba, hivyo apate zote mbili kwa maandishi. Kauli ya mlinzi kwamba “hakuna shida” haina uzito wowote siku ya malalamiko. Unaposoma, tafuta idadi ya wanyama wanaoruhusiwa, njia wanazoweza kupita, na kama uzito uliotajwa ni wa leo au wa mnyama aliyekomaa, maana mtoto wa mbwa wa kilo 6 anaweza kufika kilo 30 kabla ya kutimiza mwaka na nusu. Angalia pia kama sheria mpya inawagusa wanyama waliokuwepo. Majengo mengi huwaacha wamalize maisha yao, lakini humzuia mmiliki kuleta mwingine baadaye.

Je, jengo laweza kupiga marufuku wanyama wote? Inategemea nchi. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ya New South Wales, Australia, ilibatilisha sheria ndogo ya namna hiyo katika jengo moja la Sydney, kwa kuwa ilimzuia hata mnyama asiyemsumbua yeyote. Kwingineko marufuku kama hiyo bado ni halali. Mbwa anayemwongoza asiyeona ni suala tofauti: katika nchi nyingi sheria haimhesabu kuwa mnyama wa kufugwa, na kamati isimwekee masharti ya wengine.

Barua ya maombi iwe fupi na kamili: aina ya mnyama, umri, uzito wa ukubwani, picha, cheti cha chanjo, kama amehasiwa, na jina la mtu atakayemtunza ukisafiri. Hilo la mwisho husahaulika sana, ilhali mbwa aliyeachwa peke yake ndiye chanzo cha simu nyingi za usiku.

Sauti

Kelele za wanyama husafiri kwa njia mbili, na tiba zake hazifanani. Kucha na mirukio hupita ndani ya zege hadi dari ya jirani wa chini; hapo kinachosaidia ni zulia lenye tabaka nene la chini, pamoja na kukata kucha kila zinapoanza kugonga sakafu. Kubweka hupita hewani, kwenye upenyo chini ya mlango, madirisha na mashimo ya hewa ya bafuni. Ziba upenyo wa mlango kwa mpira, na usimweke mbwa kwenye chumba kinachopakana na korido, kwa sababu kila hatua ya mpita njia humwamsha.

Mbwa anayebweka au kulia mara tu unapofunga mlango kwa kawaida ana hofu ya kuachwa. Mwachie simu inayorekodi ujue anaanza lini. Mara nyingi ni ndani ya nusu saa ya kwanza. Kisha mzoeze kidogo kidogo: toka kwa sekunde chache, rudi akiwa bado ametulia, ongeza muda taratibu kwa siku nyingi. Ukirudi akiwa tayari anapiga kelele, umemfundisha kwamba kelele ndiyo inayokurudisha. Kumfokea au kumpiga huongeza hofu, na hofu ndiyo inayobweka. Kisipopungua kitu, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Harufu, maji na kimo

Kwa paka, kanuni ni trei moja ya mchanga kwa kila paka, na moja ya akiba. Ondoa kinyesi kila siku. Si kwa ajili ya pua tu: vimelea vya toksoplasma vinavyotoka na kinyesi huchukua siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza, hivyo usafi wa kila siku unavitangulia. Mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hiyo. Mchanga unaoganda usiutupe chooni, kwa kuwa udongo huo huvimba ukilowa, na bomba litakaloziba ni la ghorofa zote. Mkojo usifutwe kwa dawa ya klorini. Dawa hiyo ikichanganyika na amonia ya mkojo hutoa gesi inayochoma mapafu. Tumia kisafishio chenye vimeng’enya.

Roshani ina hatari mbili. Paka huanguka, hata yule mzoefu, kwa hiyo weka wavu imara wenye matundu yasiyozidi sentimita 5. Lakini ukuta wa nje ni mali ya wote, na kutoboa kunaweza kuharibu tabaka la kuzuia maji; omba kibali kwanza na pendekeza fremu inayobana bila misumari. Hatari ya pili ni maji ya kuoshea mkojo, ambayo hutiririkia kwenye nguo za jirani wa chini. Futa kwa kitambaa.

Tangi la samaki halipigi kelele, ila lita 300 za maji peke yake ni kilo 300, kabla ya kioo, mawe na meza. Sakafu za makazi kwa kawaida husanifiwa kubeba takriban kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Tangi kubwa liulizwe kwa mhandisi na likae karibu na ukuta unaobeba jengo, kamwe si roshani.

Kwenye lifti, kusanya kamba yote mkononi na mwingie pamoja. Mlango ukijifunga mbwa akiwa nje na kamba ikiwa ndani, lifti ikaondoka, anaweza kunyongwa.

Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza kwa kawaida mnyama akiwa na miezi 3, hurudiwa baada ya mwaka, kisha kwa ratiba ya daktari. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, ndipo aende hospitali siku hiyohiyo. Viroboto watibiwe kwa wanyama wote wa nyumba pamoja na mazulia. Tahadhari moja tu, dawa za mbwa zenye kiua wadudu kiitwacho permethrin huua paka.

Malalamiko

Jirani anayelalamika aandike tarehe, saa na muda: “Jumanne, saa 3 usiku, dakika 40” humsaidia mwenye mbwa kujua alikuwa wapi wakati huo. “Mbwa wenu hanyamazi” haimsaidii mtu. Azungumze naye kwanza, kisha ailetee kamati barua. Kamati nayo isikilize pande zote, itoe onyo la maandishi lenye muda wa kujirekebisha, na isitoze faini ambayo sheria ndogo haiitaji. Ikipata nafasi ya kuzirekebisha sheria hizo, iondoe kikomo cha kilo na kuweka vipimo vya kero: kelele za muda gani, saa ngapi, uchafu usafishwe na nani. Mbwa wadogo wengi hubweka kuliko wakubwa.