Mzee Mgonjwa Aulizwe Mwenyewe

Katika kliniki ya wazee, jamaa huniuliza mara nyingi kama mgonjwa wao aambiwe hali yake au afichwe. Kijana wake hunivuta pembeni na kuninong'oneza, "Daktari, usimwambie baba, atavunjika moyo." Ombi hilo hutoka kwenye huruma, wala simlaumu anayelitoa, lakini Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, matibabu yaliyopo na haki yake ya kuyakataa, kwa lugha anayoielewa. Sheria imeacha mwanya pale penye ushahidi wa kutosha kwamba kuambiwa hali yake ni kinyume cha maslahi yake. Hofu ya watoto peke yake si ushahidi.

Chukua mfano wa mzee aliyepita miaka 80, figo zimeshindwa kazi na moyo nao ni dhaifu. Watoto wameshachangishana fedha za kumsafishia damu kwa mashine, takribani saa nne kila kikao, mara mbili au tatu kwa wiki, na bado hakuna aliyemuuliza. Mimi huomba nikae naye kwanza, asubuhi kabla hajachoka, upande wa sikio linalosikia vizuri, na wala sianzi na habari za mashine. Namuuliza, "Mzee wangu, siku yako ikienda vizuri, huwa umefanya nini?" Akijibu kwamba ameswali alfajiri msikitini na kukaa barazani na wenzake, hapo tumepata kipimo cha kila tiba. Kwa mtu wa umri huo mwenye maradhi mengine mazito, mashine huenda isimwongezee muda mwingi, na sehemu ya muda huo itaishia hospitalini au kitandani kwa uchovu, ilhali dawa za kupunguza maji mwilini, mwasho na kubanwa pumzi zinaweza kumwacha nyumbani kwake. Mwingine mwenye hali iyo hiyo ataitaka mashine kwa kuwa anamngoja mjukuu arudi kutoka masomoni, naye pia apewe. Anayesitasita tunaafikiana ajaribu mwezi mmoja au miwili, tukitaja mapema dalili zitakazoonyesha kama inamfaa au inamtesa.

Kusahau hakumwondolei mzee uwezo wa kuamua. Asiyekumbuka tarehe anaweza kueleza vizuri kwa nini hataki kukatwa mguu ulioharibiwa na kisukari. Namwomba anirudishie jambo hilo kwa maneno yake mwenyewe. Akili ikiwa imevurugwa na homa au upungufu wa maji, tunatibu hayo kwanza, kisha tunauliza tena.

Jamaa siwaachi nje. Mzee akisema, "Muulize binti yangu," huo ni uamuzi wake na naufuata, mradi kauli imetoka kinywani mwake. Kwenye faili naandika analolitaka, asilolitaka na atakayemsemea, na nayarudia kila anapolazwa, kwa sababu aliyeikataa mashine mwezi wa tano anaweza kuitaka mwezi wa nane, na daktari wa zamu ya usiku atategemea karatasi hiyo.