Linezolidi, ganzi ya miguu na mitokondria: maswali kuhusu dawa za TB sugu

Natumia linezolidi kutibu TB sugu, na miguu imeanza kufa ganzi. Kwa nini?

Linezolidi huua vijidudu vya TB kwa kuzuia ribosomu zao zisiunde protini. Shida ni kwamba mitokondria, zinazotengeneza nishati ndani ya seli zetu, zimetokana na bakteria wa kale, nazo zina ribosomu zinazokaribiana na zile za vijidudu. Dawa huzigusa pia.

Zikiguswa, kinaharibika nini?

Kazi ya nishati hufanywa na mikusanyiko mitano mikubwa ya protini, iitwayo kompleksi. Kompleksi ya I ina protini 45: saba huundwa ndani ya mitokondria, nyingine huundwa nje na kuingizwa. Ya III inategemea protini moja ya ndani, ya IV tatu, ya V mbili. Hizo 13 zikikosekana, kompleksi hukwama katikati ya kuunganishwa. Ya II hainyimwi kitu, kwani protini zake nne zote hutoka nje. Neva ndefu za miguuni, neva ya jicho na uboho wa mifupa huumia mapema.

Watafiti wanajuaje kwamba kompleksi imekwama?

Hutumia jeli ya buluu, mbinu ya kutenganisha kompleksi zikiwa nzima kulingana na ukubwa, iliyochapishwa na Schägger na von Jagow mwaka 1991. Seli husagwa kwenye barafu, kisha huzungushwa kwa nguvu mara 600 ya uvutano wa dunia (g 600) ili viini vya seli vizame, halafu g 10,000 mitokondria zizame. Utando wa mitokondria huyeyushwa kwa digitonini, aina ya sabuni laini, mara nyingi gramu 4 hadi 8 kwa kila gramu ya protini. Digitonini ikipungua, kompleksi hazitoki. Sampuli haichemshwi wala kutiwa SDS, sabuni kali, maana protini zingeachana zote. Rangi ya buluu huzipa kompleksi chaji ya umeme, nazo hutembea kwenye jeli ya asilimia 3 hadi 12 kwa ubaridi wa nyuzi 4. Vipande ambavyo havijakamilika huteremka chini zaidi. Sampuli iliyogandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara huvunjika na kumhadaa mtafiti, hivyo kompleksi ya II ni shahidi mzuri: nayo ikipungua, kwanza shuku utayarishaji wa sampuli.

Niache dawa?

Usiache wala kupunguza mwenyewe, kwa sababu TB itazidi kuwa sugu. Kipimo cha kawaida ni miligramu 600 kwa siku. Daktari ndiye anayeweza kukishusha au kukisimamisha kwa muda. Kama kliniki yako iko Kisumu nawe unakaa Siaya au Busia, piga simu siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kurudi. Ganzi ikicheleweshwa huenda isiishe kabisa. Taja kisukari na pombe pia, kwani navyo huumiza neva.

Usinunue tramadoli kwenye duka la dawa kutuliza miguu inayowaka: ikichanganyika na linezolidi inaweza kuleta mtetemeko, homa kali na kuchanganyikiwa.

Vipimo gani nisikose?

Hesabu kamili ya damu, hasa wiki za mwanzo, na kipimo cha macho kila mwezi, pamoja na kutofautisha nyekundu na kijani. Ukitapika mfululizo huku ukihema haraka, nenda hospitali mara moja: huenda asidi ya laktiki imejaa damuni.